Kwa mnaoitisha mkutano wa kwanza wa klabu ya kompyuta

Wadogo zangu, nimepita karibu na maktaba nikaliona bango lenu. "Uzinduzi Rasmi" imekula nusu ya karatasi, picha za viongozi waliovaa tai zimekula robo, na mahali pa mkutano mmeandika "Ukumbini". Ukumbi upi? Kila mwaka kamati mpya huja na bango hilihili, kisha viongozi wakalalamika kwamba makomredi hawapendi teknolojia. Wanaipenda sana. Ila hamjawaita.

1. Mhuri kwanza. Bango lisilo na mhuri wa ofisi ya mkuu wa wanafunzi hubanduliwa kabla ya chakula cha mchana.

2. Saa. Hapa Kakamega mvua ya masika hupenda kushuka alasiri, na hilo hata fresha wa wiki ya pili ameshalijua. Lakini kuna kamati ya chuo kimoja cha huku iliyoita watu saa kumi jioni, mwezi wa Aprili, kwenye darasa la mabati. Nilikuwepo. Soda zimepangwa, projekta inawaka, na mgeni, kijana mhandisi, amepanda matatu kutoka Kisumu na kompyuta yake ameifunga kwa karatasi ya nailoni. Mvua ikamwagika. Waliofika nje ya kamati ni wasichana wawili wa mwaka wa kwanza, viatu vimelowa chapachapa. Mgeni akaanza kuongea, mabati yakamfunika sauti. Akaacha projekta, akawasogeza wale wawili kwenye dawati moja, akawaandikia mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwenye daftari. Hapo ndipo mmoja akamwinamia na kuuliza: "Mimi nasomea ualimu. Naruhusiwa kweli?"

Kamati ikasema imeharibiwa na mvua. Mimi swali la yule binti ndilo lililoniuma. Alikuja huku hana uhakika kama atafukuzwa mlangoni. Je, ni wangapi walisoma lile bango wakaona haliwahusu, wakabaki hosteli?

3. Kwa hiyo semeni wazi: kozi yoyote, mwaka wowote, hata kama huna kompyuta. Kisha mzungumzieni anayesoma. Machi 1975, huko Menlo Park, California, Gordon French na Fred Moore waliitisha mkutano wa kwanza wa Homebrew Computer Club kwenye gereji ya French. Tangazo lao lilianza kwa kumuuliza msomaji kama anajiundia kompyuta. Walikuja watu wapatao 30, Steve Wozniak, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Apple, akiwa mmoja wao. Nanyi ulizeni: simu yako imejaa na hujui kilichoijaza? Ungependa duka la mama lionekane mtandaoni? Orodha ya vyeo vya kamati haimtoi mtu kitandani.

4. WhatsApp haitoshi. Ujumbe wa usiku huzikwa na ubishi wa CAT, ile mitihani ya katikati ya muhula, kabla hakujakucha. Ombeni dakika mbili darasani kabla mhadhiri hajaanza, asimame mtu mnayejua anacheka vizuri na watu. Mkituma, tumeni maandishi, maana picha nzito hazifunguki kwa asiye na bando.

5. Jumamosi asubuhi Wasabato wako kanisani, Ijumaa saa saba Waislamu wako msikitini.

6. Mmoja wenu asimame nje awapokee watu, na kabla hawajatawanyika watajieni siku, saa na chumba cha mkutano wa pili.