Tanuru la gesi limezeeka: nirudishe lilelile au niweke pampu ya joto?

SWALI: Nyumba yetu hupashwa joto na tanuru la gesi lenye miaka 21, linalosukuma hewa ya moto hadi vyumbani kupitia njia za bati. Bado linawaka, ila msimu huu limezima lenyewe usiku mara mbili. Kibao chake kinasema kilowati 23, ufanisi asilimia 80. Kiyoyozi kinachotumia njia hizohizo nacho ni cha umri huohuo. Fundi wa kwanza anataka kuniwekea tanuru jipya la kilowati 23 lenye ufanisi wa asilimia 95. Wa pili anashauri pampu ya joto ya kilowati 14, yaani mashine ya umeme inayovuta joto kutoka hewa ya nje na kuliingiza ndani. Baridi yetu kali kabisa hufika nyuzi 15 chini ya sifuri. Hita ya maji na jiko pia ni vya gesi. Siku moja ya nyuzi 5 chini ya sifuri nilisoma mita, tukawa tumetumia mita za ujazo 13.5 kwa saa 24; kiangazi huwa ni 1.5 kwa siku. Nimfuate nani?

JIBU: Usimfuate yeyote kwanza. Wote wawili wamekisia ukubwa wa mashine, ilhali wewe mwenyewe umesoma mita, na namba hiyo inatosha kutuonyesha nyumba yako inataka joto kiasi gani.

Hesabu yenyewe ni hii. Katika mita za ujazo 13.5 toa 1.5 za hita ya maji na jiko; zinabaki 12 zilizoingia kwenye tanuru. Mita moja ya ujazo ya gesi asilia hubeba takriban kilowatisaa 10.5, kwa hiyo tanuru lilichoma 126. Kwa ufanisi wa asilimia 80, zilizofika vyumbani ni kama 101, na nyingine zilipanda na moshi. Gawa kwa saa 24, unapata kilowati 4.2. Siku hiyo ndani mlikuwa, tuseme, nyuzi 20 na nje 5 chini ya sifuri, tofauti ya nyuzi 25. Kila nyuzi moja basi inagharimu kilowati 0.17 hivi. Baridi ikifika nyuzi 15 chini ya sifuri tofauti inakuwa 35, na nyumba itahitaji karibu kilowati 6.

Kilowati 6 tu! Tanuru ulilonalo linatoa zaidi ya 18, mara tatu ya mahitaji katika usiku mbaya kuliko yote. Ndiyo maana huwaka dakika chache, likazima, likawaka tena; na kuwaka na kuzima huko ndiko kunakochosha chuma chake. Kurudishia ukubwa uleule kwa sababu tu ndio uliokuwepo ni kununua kasoro ileile ikiwa mpya. Rudia kipimo hicho siku tatu au nne zaidi, mojawapo ikiwa ya upepo, kwa sababu jua na wageni huweza kupotosha siku moja. Kisha mdai fundi hesabu ya joto iliyoandikwa, chumba kwa chumba, uilinganishe na yako.

Kilowati 14 za fundi wa pili nazo ni nyingi mno. Siku ya nyuzi 5 juu ya sifuri nyumba yako itataka kilowati 2.5 hivi. Pampu ya kisasa hupunguza mwendo wa kompresa (mtambo unaogandamiza gesi ndani yake), lakini haishuki chini ya kiwango fulani, na pampu kubwa kiasi hicho kwa kawaida haiwezi kufika chini hivyo. Itaanza kuwaka na kuzima kama tanuru, huku ikila umeme zaidi kwa joto lilelile. Halafu kuna njia za hewa. Tanuru lako, likiongeza joto la hewa kwa nyuzi 30 hivi, husukuma kama mita za ujazo 1,850 kwa saa. Pampu ya kilowati 10 inataka karibu 2,000, na hiyo njia zako huenda zikaibeba. Ya kilowati 14 inataka kama 2,700, na hapo feni italia, vyumba vya mbali vitakosa hewa, na shinikizo ndani ya mashine litapanda. Kabla ya kusaini chochote, fundi atoboe tundu dogo kila upande wa feni apime shinikizo kwa geji. Feni nyingi za majumbani hupimwa kiwandani kwa paskali 125. Ikiwa tayari mko juu ya hapo, panueni njia ya kurudishia hewa kwanza. Mara nyingi hiyo ndiyo iliyobanwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni pampu ya joto iliyotengenezwa kwa nchi za baridi, inayotoa kilowati 6 hadi 7 nje kukiwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Namba iliyo usoni mwa katalogi hupimwa nje kukiwa na joto la nyuzi 8 hivi, na haikusaidii. Omba jedwali la kiwanda linaloonyesha utoaji kwa kila kiwango cha baridi, pamoja na kiwango cha chini kabisa ambacho kompresa inaweza kushuka. Kiyoyozi chako pia kimezeeka, na pampu hiyohiyo itafanya kazi yake wakati wa joto. Unaponunua, hesabu bei ya mashine moja dhidi ya mbili.

Kama itakuokolea pesa kila mwezi, hilo linategemea bei zako, na njia ya kujua ni fupi. Chukua bei ya kilowatisaa ya umeme, gawa kwa bei ya kilowatisaa ya gesi, kisha zidisha kwa ufanisi wa tanuru. Umeme ukiwa ghali mara tatu, dhidi ya tanuru la asilimia 95 unapata 2.85. Maana yake pampu lazima itoe joto la kilowatisaa 2.85 kwa kila moja ya umeme, kwa wastani wa msimu, ndipo gharama yake ilingane na ya gesi. Pampu nzuri iliyofungwa vizuri huvuka hapo hali ya hewa ikiwa ya wastani, na hushuka kuelekea 2 kwenye baridi kali. Ikiwa bei zako zinakudai 4, nitakuambia waziwazi: weka tanuru dogo la ufanisi mkubwa, usiumie.

Weka pia hita ya akiba ya umeme ya kilowati 5. Kwa volti 240 itavuta ampea 21 hivi, kwa hiyo fundi umeme akague nafasi kwenye ubao wa breka mapema. Kwenye themostati (kidhibiti joto cha ukutani), hita hiyo izuiwe kuwaka hadi baridi ifike kiwango mtakachokubaliana. Usiposimamia hili, kila asubuhi ukipandisha joto kwa nyuzi nne kwa mpigo hita ya akiba itawaka, na bili itakushtua. Pampu hupenda joto lisilobadilishwa sana.

Mtakaloliona geni: hewa itatoka kwenye matundu ikiwa nyuzi 35 hadi 40, si 50 na zaidi kama ya tanuru. Ukiweka kiganja utadhani ni baridi, kwa sababu ngozi ya mkono yenyewe ina joto la kukaribia hapo. Angalia kipimajoto cha chumba, si kiganja. Na siku za unyevu zenye nyuzi karibu na sifuri, mashine ya nje itafunikwa na barafu nyembamba, feni yake itasimama, na mvuke mweupe utapaa kama moshi kwa dakika chache. Inajiyeyushia barafu tu. Iinuliwe juu ya kina cha theluji, na maji yake yasitiririkie njia ya miguu, yataganda.

Kuhusu kuzima usiku: usisubiri. Badilisha chujio la hewa, kisha fundi asafishe kijiti kinachohisi moto kwa steelwool laini. Hivyo viwili ndivyo visababishi vya kawaida. Wakati huohuo akague kwa kamera chemba ya chuma inayotenganisha moto na hewa ya vyumbani. Ukiona mwali unayumba mara feni inapoanza, huenda chemba imepasuka: zima tanuru, usilitumie tena. Kengele ya kaboni monoksidi iwepo karibu na vyumba vya kulala, tena leo.

Jambo moja ambalo wengi husahau ni hita yako ya maji. Ikiwa inatumia bomba la moshi pamoja na tanuru, siku tanuru litakapoondolewa itabaki peke yake ndani ya bomba pana kupita kiasi. Moshi wake mchache utapoa kabla ya kufika juu, utarudi ndani au kuacha maji yenye asidi ukutani. Bei ya fundi iwe na bomba jembamba la ndani, au uhamie hita ya maji ya umeme kwa wakati mmoja. Ukihamisha na jiko, ada ya kila mwezi ya mita ya gesi nayo inaondoka.