Muulize Shangazi: Omba faili, usiulize kwa nini

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ninaishi Illinois, ghorofa ya tatu. Ngazi ya dharura ya jengo letu imeliwa na kutu. Niliiandikia manispaa kwa kutumia sheria ya jimbo ya kupata taarifa, nikauliza: "Kwa nini mwenye jengo hachukuliwi hatua?" Wamejibu kwamba sheria haiwalazimu kujibu maswali. Je, ni kweli? – Mpangaji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, ingawa najua jibu hilo limekuuma. Nilikaa miaka sita dirishani katika ofisi ya kumbukumbu, na barua kama yako nilizipokea kila wiki. Iliniuma kuzirudisha, maana mara nyingi faili lenyewe lilikuwa kabatini nyuma yangu.

Sheria inakupa nyaraka zilizopo. Haimlazimu karani kukutungia maelezo. Andika upya hivi: "Naomba nakala za ripoti za ukaguzi, malalamiko na barua za onyo kuhusu jengo la anwani hii, tangu Januari 2021 hadi leo." Hiyo "kwa nini" yako huenda ukaikuta humo, imeandikwa na mkaguzi mwenyewe. Huna haja ya kueleza unazitakia nini, maadamu si za biashara wala huombi kusamehewa ada.

Wana siku 5 za kazi kukujibu, na wakiwa na sababu inayokubalika kisheria wanaweza kujiongezea 5. Wakikaa kimya mpaka muda upite, kisha wakakupa nakala, hawaruhusiwi kukutoza. Hata wakijibu kwa wakati, kurasa 50 za kwanza, zisizo za rangi, ni bure. Zinazofuata zisizidi senti 15 kila moja.

Namba za simu za watu utazikuta zimefutwa kwa wino mweusi. Hapo usigombane nao. Lakini wakikunyima faili zima, ni lazima waandike sababu, nawe una siku 60 kupeleka shauri kwenye kitengo cha taarifa za umma katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Hulipi kitu.

Ndugu wa majimbo mengine msiige hesabu hii. New York, siku 5 zinatosha ofisi kukiri tu kwamba imepokea ombi. Virginia inaweza kumkatalia asiye mkazi wake, na Mahakama Kuu ya Marekani iliibariki mwaka 2013.

Na ngazi hiyo, mwanangu, isingoje karatasi. Wapigie zimamoto leo.