Umemaliza mipangomiji na uko nyumbani Moshi: nilivyopita mimi

Wakuu, nimeliona swali la mdogo wetu wa Moshi. Ana shahada ya mipangomiji, huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani, ameshaenda usaili wa Utumishi mara mbili akarudi mikono mitupu, na mzee wake sasa anamshauri akasomee ualimu. Anauliza kama nje ya halmashauri fani hii ina njia nyingine ya kula. Ipo. Nitaandika kwa kirefu kwa sababu niliwahi kukaa hapo alipokaa.

Nilimaliza pale Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2015, miaka minne kamili, nikiwaza kiti kimoja tu: afisa mipangomiji wa halmashauri. Katikati ya 2016 serikali ikasitisha ajira mpya ili ihakiki watumishi hewa. Nikarudi Arusha, nikakaa kwa mama mdogo Kwa Mrombo miezi saba. Kazi ya kwanza nilipewa na mpima ardhi aliyekuwa anatafuta kijana wa kumchorea. Posho ilikuwa 15,000 kwa siku, na siku isiyo na kazi haina posho.

Baadaye nikaingia kampuni iliyokuwa na kazi ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango ili wenyewe wapate hati, kwenye mtaa mmoja upande wa Muriet. Watu walinunua maeneo kwa hatua, ishirini kwa ishirini, wakaandikishiana kwa mwenyekiti wa mtaa, kila mtu akajenga alikoelekea. Njia ya kuingia ndani ilikuwa na upana wa mita mbili. Bajaji inapita, lakini gari la zimamoto halipiti, na mgonjwa anabebwa mpaka barabara kubwa. Mimi nikachora barabara ya mita sita. Upande mmoja wa njia kulikuwa na ukuta wa tofali, upande wa pili migomba ya bibi mmoja wa Kiarusha. Mita nne zote nilizihitaji, na zote nikazichukua kwenye migomba.

Siku ya mkutano nikabandika ramani ukutani, nikaeleza. Yule bibi akasimama, akaiangalia ramani muda mrefu, kisha akasema, "Kijana, hii barabara ni ya mtaa mzima, mbona imekatwa kwangu peke yangu? Mwenye ukuta ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilichora pale paliponipa kazi ndogo, na pakawa pa mtu asiye na ukuta.

Jioni nikamfuata nyumbani. Nikamwambia "takwenya", akaitikia "iko", akanipa kigoda. Tukapima kwa futikamba yeye mwenyewe akiwa ameshika ncha moja. Kesho yake nikaenda kwa mwenye ukuta, fundi wa magari. Siku ya kwanza alinifukuza. Siku ya tatu akakubali kuachia mita mbili, kwa sharti kwamba tofali zake zivunjwe taratibu azitumie tena. Bibi akaachia mita mbili na migomba yake sita. Tulitumia karibu wiki tatu kwa njia isiyofika mita mia mbili kwa urefu, na barabara ile ipo mpaka leo, gari la takataka linaingia.

Mdogo wangu, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kuchora anaweza mtu yeyote aliyeijua programu. Atakayelipwa ni yule anayeweza kukaa na watu wawili wasiosalimiana mpaka kila mmoja aachie kipande. Chuoni sikuwahi kufanya mtihani wa jambo hilo.

Sasa uchungu wangu. Kampuni ile ilichangisha wananchi, mchoro ukapita, upimaji ukafanyika nusu, halafu ofisi ikafungwa. Mimi ndiye niliyekuwa sura ya kazi, kwa hiyo simu zilikuja kwangu, na mpaka leo wapo wazee nikikutana nao sokoni naona aibu kuwatazama. Ndiyo maana nakusihi: kabla hujabeba fomu za mtu, hakikisha yeye na kampuni yake wamesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2007. Na wewe mwenyewe anza safari ya usajili mapema, ukiwa chini ya mtaalamu aliyekwisha kusajiliwa. Bila usajili utabaki kuwachorea wengine, na jina kwenye mchoro litakuwa la mwingine.

Jambo la pili la kushika ni maji. Dalali wa hapa anauza kiwanja mpaka ukingo wa korongo, halafu anataka umchoree. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Aprili 2024 sote tuliona hapa Arusha gari la wanafunzi likisombwa na maji, watoto wakafa. Ukiombwa kuweka viwanja kwenye njia ya maji, kataa, hata kama ndiyo kazi pekee uliyo nayo mwezi huo.

Njia nyingine nazitaja haraka. Kubadili matumizi ya ardhi kunalipa hapa mjini: mtu ana nyumba Njiro anataka hosteli au ofisi, anahitaji wa kumwandalia maombi, tangazo na mchoro. Timu za tathmini ya athari kwa mazingira nazo zinaweza kumhitaji mtu wa mipango. Ukijua vizuri QGIS, programu ya kuchora ramani (ni ya bure, huna kisingizio), mashirika ya uhifadhi na ya wafugaji hapa Arusha yanatafuta wachora ramani mara kwa mara.

Ninayoipenda mimi ni mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji. Longido, Monduli, Simanjiro. Mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita, lakini uzito uko kwenye kukaa na kamati ya kijiji chini ya mgunga, mkikubaliana njia ya ng'ombe ipite wapi na malisho ya kiangazi yasiguswe na nani. Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa Yaeda Chini, walipata hati ya kimila ya pamoja (hati ya ardhi ya kijiji inayomilikiwa na kundi zima) mwaka 2011, na ardhi yao ikapata ulinzi wa kisheria. Ukishiriki kazi ya namna hiyo mara moja, hutauliza tena kama ulisoma bure.

Na wewe uko Moshi! Angalia Uru, Kibosho, Machame: kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kimegawanywa kwa wana, wana wakagawia wajukuu, kila mmoja anajenga ya matofali, na mfereji uliokuwa unamwagilia ukoo mzima sasa unapita chini ya jiko la mtu. Koo zinagombana kwa sababu hakuna aliyekaa nao kuchora njia na mfereji kabla ya kugawana. Anza na ukoo wako. Desemba watu wakirudi nyumbani, omba dakika kumi kwenye kikao, beba futikamba na ramani ya kihamba chenu uliyoichora mwenyewe. Usiwatoze. Mwite mpima ardhi mmoja uwe naye toka mwanzo, kwa sababu mchoro wako bila vipimo vyake hauleti hati. Ukoo wa jirani wakiona mmeelewana, hao watakuita na watakulipa.

Mzee wako mheshimu, ana hofu ya mzazi. Usibishane naye, nenda naye siku hiyo kihambani akushikie ncha ya futikamba.

Mwezi ujao nina vijiji viwili Longido na nahitaji kijana mmoja anayeweza kulala huko siku kumi. Posho si kubwa, chakula kipo. Nitumie ujumbe pamoja na ramani yoyote uliyowahi kuichora kwa mkono wako.