Kabla Hujaamini Jibu la Kipimo cha FIV: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Kutibu Paka

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilimwambia mama mmoja kwamba mtoto wa paka wake, aliyekuwa na umri wa wiki kumi tu, ameambukizwa virusi vya upungufu wa kinga vya paka, ambavyo sote tunaviita FIV. Kipimo cha haraka kilionyesha hivyo, nami sikuuliza zaidi. Miezi minne baadaye paka yule alipimwa tena, na kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, hazikuonekana. Alikuwa amezinyonya kwa mama yake katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, nazo zilipokwisha, jibu nalo likabadilika. Tangu siku hiyo nimewasisitizia wote ninaowafundisha kwamba kipimo hiki hakitafuti virusi vyenyewe, bali hutafuta kingamwili, na kwamba paka mwenye umri usiozidi miezi sita akionekana kuwa nazo, hukumu inapaswa kungoja kipimo cha baadaye.

Swali ambalo wanafunzi huniuliza mapema ni hili: FIV imeenea kiasi gani? Mimi huwajibu kwa swali jingine: miongoni mwa paka gani? Virusi hivi viligunduliwa mwaka 1986 katika kundi la paka huko Petaluma, California, na tangu hapo vimeonekana katika kila bara wanakofugwa paka. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada mwaka 2004, uliohusisha paka zaidi ya 18,000, ulikuta maambukizi katika takriban 2.5% yao. Nchini Japani, mwishoni mwa miaka ya 1980, zaidi ya 40% ya paka waliokuwa na dalili za ugonjwa walikutwa na kingamwili. Takwimu hizi mbili hazipingani, kwa kuwa waliohesabiwa hawakuwa paka wa aina moja, na anayezinukuu bila kueleza hilo humpotosha mwenye paka.

Njia kuu ya maambukizi ni kuumwa. Mate ya paka aliyeambukizwa hubeba virusi, na jino lake refu huvipenyeza moja kwa moja chini ya ngozi ya mwenzake. Ukilielewa jambo hili moja, hutahitaji kukariri orodha ya vihatarishi, kwa sababu karibu vyote hutokana nalo. Madume huambukizwa zaidi ya majike kwa kuwa ndiyo yanayopigania mipaka na majike, na yasiyohasiwa hupigana zaidi. Paka anayetoka nje hukutana na wageni, ilhali anayekaa ndani daima hana wa kumuuma. Umri nao una uzito wake, kwani aliyeambukizwa hubaki na virusi maisha yake yote, tena mara nyingi huishi miaka mingi bila dalili, hivyo kadiri paka wanavyozeeka ndivyo idadi ya walioambukizwa inavyoongezeka miongoni mwao. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye jipu la kuumwa au kovu usoni anastahili kupimwa hata kama amekuja kwa shida nyingine kabisa.

Hapa kuna mtego ambao hata wazoefu hunaswa nao. Faili likionyesha kwamba dume amehasiwa, usiridhike. Uliza alihasiwa lini. Aliyehasiwa akiwa na umri wa miaka mitano, baada ya kuzurura na kupigana kwa muda wote huo, hawezi kuwekwa kundi moja na aliyehasiwa kabla ya kubalehe. Aliyeokotwa mtaani mwezi uliopita naye, ingawa sasa analala kitandani, bado ana historia ya mtaani.

Historia hiyo ndiyo inayokuwezesha kulipima jibu lenyewe. Tuseme kipimo hukosea kwa paka wawili katika kila mia wasioambukizwa. Ukipima paka 1,000 wa kundi ambalo walioambukizwa ni 25 tu, utapata majibu ya uongo yapatayo 20, yaani karibu sawa na ya kweli. Ukikitumia kipimo hichohicho kwa paka 1,000 wa kundi ambalo walioambukizwa ni 200, majibu ya uongo yatakuwa 16 hivi, na aliyeonekana kuwa na kingamwili karibu hakika ameambukizwa. Kwa hiyo jike mchanga asiyewahi kutoka nje akionekana ameambukizwa, rudia kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya kumwita mwenyewe. Uliza pia kuhusu chanjo: ile iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2002, na baadaye ikaondolewa sokoni huko, huacha kingamwili ambazo baadhi ya vipimo haviwezi kuzitofautisha na za maambukizi. Na kwa aliyeumwa juzi, jibu safi la leo halitoshi; mpime tena baada ya siku 60.

Mwenye paka atakuuliza kama yeye mwenyewe ataambukizwa, na jibu ni hapana. Atauliza pia kuhusu paka wengine wa nyumbani. Hapo mwulize kama wanapigana, kwa maana paka walioelewana wanaweza kula chombo kimoja na kulambana kwa miaka bila maambukizi kupita, ingawa hatari haifiki sifuri. Leukemia ya paka, ugonjwa unaosababishwa na virusi vingine, hutofautiana na FIV katika hili, kwa kuwa huenea hata kwa kulambana, na ndiyo maana mimi huyaandika majibu ya magonjwa haya mawili katika mistari tofauti ya faili, kila moja likiwa na tarehe ya kipimo, umri wa paka siku hiyo, na tarehe ya mwisho anayojulikana kuumwa.