Kuchapa kwa mkono mmoja: nilivyoifundisha kompyuta Kiswahili changu

Mkono wangu wa kulia uliumia katika ajali ya boda boda karibu na Kondele. Mfupa uliunga, lakini vidole vitatu havikurudiwa na nguvu. Nami riziki yangu hapa Kisumu ni kuchapa: barua za basari, wasifu wa vijana wanaotafuta kazi, kumbukumbu za mikutano ya vikundi vya akina mama. Miezi ya kwanza nilitumia mkono wa kushoto peke yake, na ikifika saa kumi jioni maumivu yalipanda kutoka kifundoni hadi kwenye kiwiko. Kama nawe uko hapo leo, nakueleza kilichonisaidia.

Ni programu ya kubashiri maneno. Unachapa herufi chache, nayo inakuletea neno zima ulikubali. Windows 10 na 11 zinayo tayari kwenye mipangilio ya kuandika, ila kwangu ilikuwa ikiniletea Kiingereza tu. Nikahamia LibreOffice Writer, programu ya kuandikia ambayo ni ya bure na haili bando. Hiyo hukusanya maneno kutoka kwenye maandishi yako mwenyewe. Ukichapa "mwenyekiti" mara moja, safari nyingine "mwe" inatosha: vibonyezo vinne badala ya kumi.

Writer husubiri herufi tatu ndipo ibashiri, na hapo Kiswahili kina mambo yake. Andika "wan" uone: ni wanachama, wanafunzi au wanawake? Inakuonyesha moja, mengine unayapitia kwa Ctrl na Tab. Vitenzi ndivyo vigumu zaidi, kwa sababu nafsi na wakati hutangulia. "Tul" inaweza kuwa tulikubaliana, tulichangia, tulihudhuria, na kubashiri kunageuka bahati nasibu. Niliacha kusubiri vitenzi. Navichapa mwenyewe, nayaachia mashine majina marefu.

Badilisha pia kitufe cha kukubali neno. Mwanzoni huwa ni Enter, na hicho kilinitia aibu: nilitaka kushuka mstari kwenye barua ya mzazi mmoja, jina la mwanawe likageuka jina la mtoto mwingine niliyemwandikia asubuhi ile. Bahati mama aliisoma kabla ya kulipa. Sasa natumia Tab, maana iko upande wa kushoto, chini ya kidole changu.

Lakini kilichoniokoa hasa ni vifupisho. Kwenye sehemu ya Writer inayojisahihishia maneno (AutoCorrect), unaiambia programu kwamba herufi fulani zinasimama badala ya maneno marefu. Kiswahili hakitumii q wala x, na zote mbili ziko upande wa kushoto wa kibodi, kwa hiyo kifupisho kinachoanza nazo hakigongani na neno lolote. Kwangu "xw" ni "mweka hazina", na "qa" ni "kumbukumbu za mkutano uliopita zilisomwa na kuthibitishwa". Anza na vitano. Ukiweka thelathini kwa siku moja utavisahau vyote.

Usitegemee kasi papo hapo. Miaka ya 1990 watafiti wa Marekani, Heidi Koester na Simon Levine, walionyesha kwamba kupunguza vibonyezo si lazima kukuongezee mwendo, kwa kuwa kusoma mapendekezo nako kunakula muda. Ndivyo nilivyoona. Ukurasa hunichukua karibu muda uleule wa zamani, ila nafunga kazi jioni bado naweza kumenya viazi.

Kama unatumia kompyuta ya saiba, hakikisha umeweka alama kwenye chaguo la kufuta maneno yaliyokusanywa unapofunga faili. Majina ya wateja wako hayapaswi kumtokea mtu atakayeketi hapo baada yako. Kwenye laptopu yangu nimeitoa alama hiyo, ndiyo maana inayakumbuka maneno yangu kutoka faili moja hadi jingine, mpaka niifunge LibreOffice yenyewe.

Na kama umeajiriwa, usiombe ruhusa ya programu hizi kama anayeomba upendeleo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Nenda kwa mkubwa wako na kifungu hicho mkononi, umwonyeshe ukurasa mmoja uliouchapa kwa njia hii.