Usinunue mota nyingine, kagua mkia kwanza

Msomaji wa Bagamoyo ameniandikia baada ya ndege yake ya kwanza ya rimoti, aliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya mti mwepesi wa balsa vilivyokuja kwenye boksi, kuanguka mchangani. Anasema iliondoka vizuri, ikainua pua yenyewe, ikapanda mpaka ikawa kama imesimama hewani, kisha ikalala upande mmoja na kuja chini kwa kichwa. Anauliza anunue mota gani yenye nguvu zaidi.

Ndugu yangu, mota haina kosa. Ndege inayoinua pua bila kuambiwa, ikapoteza mwendo na kudondoka, karibu kila mara ni nzito nyuma. Ukiiongezea mota itainua pua kwa haraka zaidi, na utaokota vipande vidogo zaidi.

Chukua ndege ya kawaida ya kujifunzia: bawa linakaa juu ya bodi, mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha, uzito kilo 1.2 hadi 1.5. Kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi wa nyuma ni kama sentimita 24. Ndege ya namna hii hukaa mizani kwenye asilimia 25 hadi 30 ya upana huo, ukipima kutoka mbele, yaani sentimita 6 hadi 7.2. Ramani iliyokuja na boksi ikitaja kipimo chake, fuata hicho. Weka alama ya kalamu chini ya bawa, kushoto na kulia, karibu na bodi. Funga kila kitu mahali pake, betri na propela vikiwemo, kisha inyanyue kwa ncha za vidole viwili kwenye alama. Inatakiwa ilale sawa au pua iiname kidogo. Mkia ukishuka, hakuna kurusha siku hiyo. Kwa mara ya kwanza anza na sentimita 6: pua nzito itakusumbua wakati wa kutua, lakini ndege bado inakusikiliza.

Uzito wa mkia unatoka wapi? Kwenye gundi yako. Kutoka alama ya mizani hadi mkiani ni kama sentimita 70, na hadi puani ni kama 23. Kwa hiyo kila gramu moja unayoiacha mkiani inadai gramu tatu puani. Epoksi iliyomwagwa kwenye kiungo cha mkia ikifika gramu 10 imeshakugharimu gramu 30 za risasi mbele. Mkiani tumia supaglu nyepesi, tone kwa tone, baada ya kupiga msasa mpaka vipande vikutane bila mwanya. Epoksi iweke kwa ajili ya sehemu mbili tu: pale nusu mbili za bawa zinapoungana, na ukuta wa plaiwudi unaobeba mota. Hapo tumia ile ya dakika 30, vipimo sawa kwa sawa. Ile ya dakika 5 kwenye joto letu huganda kabla hujamaliza kunyoosha kiungo. Na kabla ya kutafuta chubwi la risasi kwa wavuvi, sogeza betri mbele kwanza. Mara nyingi hiyo peke yake inatosha.

Nakuomba usikilize vizuri habari ya bawa, maana ndiyo iliyoilaza ndege yako upande mmoja. Balsa ni mti mwepesi mno na unanyonya unyevu, na pwani hewa haikauki. Ubao wa milimita 1.5 ulioachwa karibu na dirisha usiku kucha utaukuta umejikunja. Hifadhi mbao zikiwa zimelala, na juu yake uzito ulionyooka kama kigae. Unapounda, tandika ramani juu ya ubao ulionyooka unaopokea pini, juu yake karatasi ya nailoni ili gundi isishike, halafu ulaze mhimili wa bawa na kusimamisha mbavu moja moja kama fundi wa mashua anavyosimamisha mataruma. Kila ubavu upimwe kwa kona mraba. Ukitumia gundi nyeupe ya mbao, usichomoe pini mpaka kesho yake. Haraka ya saa mbili hapa inapindisha bawa, na utapigana na mpindo huo kila unaporusha.

Plastiki ya kufunika bawa hupigwa pasi, nayo hujikaza ikipata joto. Ukiikaza upande wa juu ukaacha wa chini kwa siku nyingine, inavuta mbavu na bawa linajisokota. Funika pande zote siku moja. Kisha simama mita 3 nyuma ya ndege, jicho usawa wa bawa: ukingo wa nyuma wa kushoto na wa kulia uonekane sawa. Kama kuna tofauti ya hata milimita 3, omba mtu alisokote bawa kinyume, pitisha pasi juu na chini, na asiachie mpaka plastiki ipoe.

Kuna kosa jingine linalofanywa na watu makini kabisa. Ukuta wa mota umekatwa ukiwa umeinama kidogo chini na kugeukia kulia, kama nyuzi 2 au 3. Wengi hudhani kiwanda kimekosea, wanaweka washa, vile vipete vya chuma vya kwenye skrubu, ili kunyoosha. Uache! Pembe hiyo inazuia pua isiinuke unapoongeza nguvu ya mota, na inapunguza ndege kuvutwa kushoto.

Umeme hauna mengi. Ndege ya uzito huo inahitaji mota ya kama wati 250 hadi 300, kidhibiti mwendo cha ampia 40, na betri ya lithiamu polima (lipo) ya seli 3 yenye ujazo wa mAh 2200. Ichaji kwa ampia 2.2, ikiwa ndani ya chungu cha udongo, na wewe upo. Weka saa ya dakika 6 kwenye rimoti. Seli isishuke chini ya volti 3.5, na kama hutarusha wiki hii, iache kwenye volti 3.8. Betri iliyovimba haina dawa.

Propela ikiwa imetolewa, simama nyuma ya ndege usukume fimbo ya rimoti kulia: kipande kinachocheza kwenye bawa la kulia lazima kiinuke. Vuta fimbo kwako: eleveta, kipande kinachocheza mkiani, iinuke. Zima rimoti: mota isimame yenyewe. Ndege nyingi nzima kabisa zimevunjika kwa sababu mtu aliruka dakika hii moja.

Sasa pwani yenyewe. Uliza masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, kabla ya kuruka popote, na usirushe juu ya watu wanaosubiri samaki. Nenda kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi. Nchi kavu ikishapata joto upepo wa bahari unaamka, na kusi ikishika, makuti yakianza kulala upande mmoja, ndege ya kilo 1.3 si ya mwanafunzi tena. Waulize wavuvi maji yanakupwa saa ngapi; kila siku yanachelewa karibu dakika 50, kwa hiyo wiki moja asubuhi inakupa uwanja mpana wa mchanga mgumu na wiki nyingine haikupi kitu. Asubuhi jua linatokea baharini. Simama mgongo ukielekea maji, vinginevyo ndege itaingia kwenye jua na hutaiona ikigeuka.

Ondoka ukielekea upepo, panda mpaka urefu wa minazi mitatu, ndipo urekebishe chochote. Ukigeuka na upepo ukawa nyuma yake, itaonekana inakimbia mno. Usipunguze mota! Kinachokimbia ni kivuli chake mchangani. Bawa halijui hilo, linahitaji hewa ile ile. Hapo ndipo wengi wanapunguza, wanavuta fimbo, na bawa moja linaishiwa hewa na kudondoka.

Kuhusu mota yako ya sasa: ifungue, utakuta chembe nyeusi za mchanga zimeng'ang'ania sumaku. Zitoe kwa gundi ya selotepu, si kwa mafuta. Futa bodi na viungo vya nyaya kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, kisha kikavu. Zungusha mota kwa mkono. Ikizunguka bila kukwaruza, ifunge tena, usogeze betri mbele, na uipime upya kwenye vidole viwili.