Kijani kisichomaanisha kitu: kuskani na kusaini imeji, kwa mnaoanza

Kijana anayetoka MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au chuo chochote cha Iringa kuja mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya programu hapa Mbeya mara nyingi anakuta paipulaini, yaani mlolongo wa hatua za kujenga na kupandisha programu zinazojiendesha zenyewe, imeshaundwa. Kodi ya programu ikiingia GitLab inakotunzwa, imeji (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji ili iwake) inajengwa, inaskaniwa kwa Trivy kutafuta udhaifu, inasainiwa kwa Cosign, inakwenda seva. Alama zote za kijani. Kazi ya kwanza anayopewa ni kuongeza huduma mpya, naye ananakili faili la huduma ya jirani, anabadilisha jina, anapandisha. Kijani tena. Tunaanzia hapo, maana kijani hicho kinaweza kuwa cha bure kabisa.

Kuskani kunajibu swali moja: ndani ya imeji hii kuna vifurushi gani, na vipi kati yake vina udhaifu unaojulikana leo? Kusaini kunajibu lingine: imeji hii imetoka kwetu, na haijaguswa tangu tulipoiachia? Imeji yenye saini halali inaweza kuwa imejaa matundu, na isiyo na tundu hata moja inaweza kuwa imepandikizwa na mtu baki. Anayeishi kando ya barabara kuu ya Zambia anaiona tofauti hii kila siku. Mizani ya Makambako inapima uzito wa lori. Lakiri ya kontena linalokwenda Tunduma inaonyesha kwamba mlango haujafunguliwa njiani. Mizani haijui habari za mlango, na lakiri haijui uzito. Tena lakiri ina kazi pale tu mtu anapolinganisha namba yake na iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kwenye imeji namba hiyo ni daijesti, alama inayokokotolewa kutoka yaliyomo ndani yake, ile `sha256:` inayofuatwa na herufi na tarakimu 64. Tagi ni jina la kubandika tu. `malipo:1.4` leo inaelekea imeji moja, kesho yeyote mwenye ruhusa ya kuandika kwenye rejista (ghala la imeji) anaihamishia kwingine bila jina kubadilika. Machi 2025 kitu cha namna hiyo kiliwapata watumiaji wa tj-actions/changed-files, kijenzi cha paipulaini za GitHub: tagi za matoleo ya zamani zilihamishwa zikaelekezwa kwenye kodi iliyomwaga siri kwenye kumbukumbu za ujenzi. Waliofunga kwa namba kamili ya komiti (badiliko la kodi lililohifadhiwa) ya zamani walisalimika. Kwa hiyo daijesti inashikwa tangu imeji inapozaliwa na haiachiwi hadi inapowashwa.

Kosa la kawaida ni kujenga mara mbili: hatua moja inajenga na kuskani, hatua nyingine inajenga upya, inapandisha na kusaini. Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga imeji) ni ileile, kwa hiyo mtu anadhani imeji ni ileile. Siyo. Mihuri ya muda ndani ya matabaka inatofautiana, na `apt-get` inaweza kuvuta toleo jipya kati ya dakika hii na ile. Ulichokikagua sicho ulichokitia saini. Jenga mara moja, upandishe kwenye hazina ya karantini, uchukue daijesti papo hapo:

```
docker buildx build --push --metadata-file meta.json \
  -t rejista.ofisi.lan/karantini/malipo:$CI_COMMIT_SHA .
DIGEST=$(jq -r '."containerimage.digest"' meta.json)
trivy image --severity CRITICAL --ignore-unfixed \
  --exit-code 1 rejista.ofisi.lan/karantini/malipo@$DIGEST
```

Ikipita, inahamishwa kwenda hazina ya `tayari` kwa `crane copy`, amri ya kunakili imeji kati ya hazina, kisha inasainiwa hukohuko. Usihamishe kwa `docker pull` na `docker push`: saini inabaki nyuma, na kama imeji ilijengwa kwa aina mbili za prosesa utabeba moja tu na daijesti itabadilika. Kama tayari ina saini na unataka vyote viende pamoja, tumia `cosign copy`.

Angalia vizuri `--exit-code 1`. Trivy isipoambiwa, hata ikikuta udhaifu 40 inamaliza na kurudisha sifuri, na paipulaini inaona mambo shwari. Hicho ndicho kijani cha bure cha kwanza. Cha pili: mtu anataka ripoti ibaki kwenye faili, anaandika `trivy ... | tee ripoti.txt`; hapo kinachosomwa ni jibu la `tee`, ambayo kwa kawaida haishindwi. Weka `set -o pipefail`, au tumia `--output`. Cha tatu ni `allow_failure: true`, inayoruhusu hatua ishindwe bila kuzuia paipulaini, iliyowekwa siku ya haraka ikasahaulika. Ukinakili faili la jirani, unanakili na hiyo.

Cha nne kina ujanja zaidi. Imeji iliyojengwa juu ya mfumo uliokwisha muda, tuseme Debian 10 au CentOS 7, zote zilizofikia mwisho wa matengenezo Juni 30, 2024, inaweza kutoa ripoti fupi ya kupendeza. Ufupi huo hautokani na usalama. Walioutengeneza mfumo wameacha kutoa taarifa za udhaifu wake, na skana haina cha kulinganisha nacho. Trivy huandika onyo kwamba mfumo hauungwi mkono tena, lakini nani anasoma maonyo kwenye kumbukumbu za kijani? Ongeza `--exit-on-eol 1`, hatua ianguke.

Skana pia haioni kila kitu. Inasoma hifadhidata ya `apt` au `apk`, faili za npm na pip, na habari zilizomo ndani ya programu za Go. Ukishusha programu ya C kwa `curl` ukaiweka `/usr/local/bin`, kwa skana haipo. Na nywila uliyoinakili kwenye tabaka la tatu ukaifuta kwenye la nne bado imo; anayevuta imeji anafungua tabaka la tatu na kuichukua. Siri za wakati wa ujenzi zipitie `--mount=type=secret`.

Juu ya ukali wa kizuizi, tuna maoni ambayo si wote wanakubaliana nayo. Ukianza kwa kuzuia kila HIGH (udhaifu mkubwa) na CRITICAL (wa hatari kabisa) siku ya kwanza, kwenye mradi wa zamani kila kitu kitasimama, na kufikia Ijumaa mtu atakuwa amezima skana nzima. Anza na CRITICAL zenye marekebisho tayari. Zikiisha, shuka HIGH. Unachoamua kukivumilia kiandike kwenye `.trivyignore` pamoja na tarehe ya mwisho, kwa mfano `exp:2026-03-31` baada ya namba ya CVE (utambulisho wa udhaifu husika), na juu yake mstari wa maelezo: nani kaamua na kwa nini. Tarehe isiangukie Jumamosi. Ikifika, ujenzi unaanguka, na atakayepigiwa simu huenda yuko shambani Rungwe kwenye parachichi.

Sasa intaneti. Kila Trivy inapoanza kwenye mashine tupu inashusha hifadhidata ya udhaifu, makumi ya megabaiti. Ikikuta faili za Java inashusha nyingine ya mamia. Ujenzi 20 kwa siku kwa kutumia bando ni hasara, na rejista za umma zina kikomo: ukiona `TOOMANYREQUESTS`, umezidisha. Ipe `--cache-dir` kwenye diski inayobaki, acha kazi moja ya alfajiri ndiyo ishushe hifadhidata, nyingine zote ziwe na `--skip-db-update` na `--skip-java-db-update`. Lakini weka kengele ya umri wa hifadhidata. Kazi ya alfajiri ikishindwa wiki mbili kimya, skana itaendelea kutoa kijani cha wiki mbili zilizopita, na hicho ni cha tano.

Imeji ikishapita, usiisahau. Yenyewe haibadiliki, ila yanayojulikana juu yake yanabadilika. Imeji ya Java yenye maktaba ya Log4j iliyopita bila doa Novemba 2021 huenda ilikuwa na tundu la CVE-2021-44228 ndani yake siku zote; dunia ilikuja kulijua Desemba. Kwa hiyo hifadhi orodha ya vifurushi vya kila imeji unayoiachia:

```
trivy image --format cyclonedx --output malipo.cdx.json \
  rejista.ofisi.lan/tayari/malipo@$DIGEST
```

Kila usiku endesha `trivy sbom malipo.cdx.json`. Faili ni dogo, huvuti imeji nzima upya, na linalotokea likitokea unajibu "tunayo au hatunayo" kwa kutafuta neno moja. Machi 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yalipogundulika yana mlango wa nyuma, mwenye orodha alihitaji `grep` tu.

Kwenye saini kuna njia mbili. Ya kwanza haina ufunguo wa kutunza: Cosign inapata cheti cha dakika 10 kutoka Fulcio, mtoa vyeti wa mradi wa Sigstore, kwa kitambulisho cha paipulaini yenyewe, na tukio linaandikwa Rekor, daftari la umma lisilofutika. Ni nzuri ukiwa GitHub au gitlab.com. GitLab iliyowekwa ndani ya ofisi, isiyoonekana nje, Fulcio ya umma haiitambui, kwa hiyo wengi wetu huku tunabaki na njia ya ufunguo. Na usisaini imeji za kazini kwa barua pepe yako binafsi kwa njia ya kwanza. Itabaki kwenye daftari hilo milele, kila mtu aione.

Kwa ufunguo: `cosign generate-key-pair` inatoa `cosign.key` na `cosign.pub`. Wa siri unakaa Vault (hifadhi ya siri), au kwenye vigezo vya GitLab vilivyowekewa ulinzi ili vionekane na matawi yaliyolindwa tu. Nywila yake inapita `COSIGN_PASSWORD`. Wa umma uweke kwenye hazina ya kodi ya usambazaji. Ukiuweka kwenye rejista ileile yenye imeji, anayeweza kubadilisha imeji atabadilisha na ufunguo. Kisha:

```
cosign sign --yes --key cosign.key rejista.ofisi.lan/tayari/malipo@$DIGEST
```

Katika toleo la 2 la Cosign, hata ukisaini kwa ufunguo bado inajaribu kuandika Rekor, na mtandao ukikatika hatua inaanguka. `--tlog-upload=false` inaizuia; wakati wa kuthibitisha utaweka `--insecure-ignore-tlog=true`. Jina hilo linatisha kwa haki: umepoteza ushahidi wa nje wa lini saini iliwekwa, kwa hiyo ufunguo ukivuja hutaweza kutenganisha saini za kabla na za baada. Hapo unabadilisha ufunguo na kusaini upya imeji zote zilizo hai.

Jambo moja linalotesa bila sababu: saini za toleo hilo hukaa rejistani kama tagi `sha256-....sig`. Kanuni ya kusafisha inayosema "futa tagi zote isipokuwa 10 za mwisho" inafagia saini na kuacha imeji. Miezi miwili baadaye podi (kontena zinazoendeshwa na Kubernetes) inahamia nodi (mashine) nyingine, inakataliwa, na hakuna anayekumbuka kanuni.

Haya yote hayamzuii mtu yeyote kama mlangoni hakuna mkaguzi. Kwenye Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena kwenye mashine nyingi, mkaguzi ni Kyverno au policy-controller ya Sigstore. Anza Kyverno kwa `Audit` (inaripoti tu) wiki moja, soma kinachoripotiwa, ndipo uhamie `Enforce` (inazuia). Ile policy-controller inahitaji lebo `policy.sigstore.dev/include=true` kwenye kila nafasi ya majina (namespace); bila lebo inapitisha kila kitu, nawe unadhani umelindwa. Ukitumia njia ya cheti, usiandike `--certificate-identity-regexp '.*'`: hiyo inakubali saini ya mtu yeyote duniani mwenye akaunti.

Ofisi nyingi za Iringa na Mbeya hazina klasta (kundi la mashine za Kubernetes), zina seva moja na Docker Compose. Si tatizo. `compose.yaml` itaje imeji kwa daijesti, na hati ya usambazaji iwe na `cosign verify --key cosign.pub ...` ikifuatwa na `&& docker compose up -d`.

Fikiria pia siku ya umeme kukatika. Mkaguzi anasoma saini kutoka rejista. Rejista ikiwa nje na intaneti haijarudi, podi mpya haziwaki hata kama imeji imo kwenye diski. Rejista iwe ndani ya jengo, nayo iwake kabla ya klasta. Na mashine yenye betri ya ubao iliyokufa inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma; kila kitu kinalalamika `certificate is not yet valid`, mgeni anaanza kuvunja Cosign. Chapa `timedatectl`, inayoonyesha saa ya mashine, kwanza.

Kabla hujasema huduma yako mpya imekamilika, ijaribu kwa ubaya. Pandisha imeji isiyo na saini. Pandisha yenye saini ya ufunguo mwingine. Hamisha tagi ya imeji iliyosainiwa ielekee isiyosainiwa. Weka kwenye Dockerfile msingi wa Debian 10. Kila moja lazima igonge mwamba, nawe uandike iligongea hatua gani. Ikipita hata moja, rudi kwenye faili la jirani ulilonakili, na umwambie jirani naye.